Siku tano Tanga na jiwe la babu

Siku ya kwanza, Ijumaa

Nimeingia Tanga jioni badala ya mchana, gari iligoma Muheza tukakaa juani masaa mawili, ila yameisha. Kushuka Kange nikachukua bajaji moja kwa moja mpaka Makorora kwa shangazi. Nimemkuta anakuna nazi, nikamwamkia, "Marahaba mwanangu, za Korogwe?" na kabla sijakaa ananiambia wewe usije ukanifanyia ile ya waja leo waondoka leo, siku tano nimezihesabu. Nikamwambia tano kamili shangazi, safari hii nimekuja na kazi.

Kazi yenyewe ni jiwe. Babu yetu, yaani baba yake shangazi, alikuwa kibarua Mombasa enzi hizo, wanachimba mitaro Changamwe, akalitoa kwenye udongo mgumu wa kijivu jiwe limejikunja kama pembe ya kondoo dume, ukubwa wa kiganja. Alilileta Tanga akaliweka dirishani maisha yake yote na alikuwa akiliita konokono wa Nuhu. Alipofariki likaja kwa baba, sasa liko kwangu. Mimi nafundisha baiolojia kwaiyo najua kwamba si konokono. Ni amonaiti, mnyama wa baharini aliyekuwa anaishi ndani ya gamba la vyumba vyumba, na jina lake limetokana na Amoni, mungu wa Misri ya kale aliyekuwa anachorwa na pembe za kondoo. Kwaiyo babu na hao wa kale waliona pembe ileile. Amonaiti walikuwepo baharini tangu miaka milioni 400 na kitu iliyopita mpaka miaka milioni 66 iliyopita, wakaisha wote, hakubaki hata mmoja.

Ila swali la babu lilikuwa jingine kabisa na hilo ndo limenileta. Alikuwa anauliza, huyu ana ndugu gani hai? Mana kwetu mtu akifa cha kwanza unauliza kaacha nani. Nilimjibu nikiwa form six kwa haraka haraka tu, nikamwambia ndugu yake ni nautilasi, yule mnyama wa baharini mwenye gamba lililojikunja aliye hai mpaka leo, anafanana naye kabisa. Nilimjibu vibaya na amekufa na jibu langu. Nimebeba jiwe, lenzi ya mkono, daftari, na nia ya kurekebisha.

Usiku bada na samaki wa nazi. Nimelala kama gogo.

Siku ya pili, Jumamosi

Amboni. Nimeenda na binti wa shangazi, yuko form three, anapenda sayansi kweli, tumepanda bajaji njia ya Horohoro mpaka Kiomoni, si mbali, kama kilomita nane tu. Mawe ya pale ni chokaa iliyojijenga chini ya bahari enzi ya Jurasiki, kiongozi wetu alisema miaka milioni 150, alafu bahari ikaondoka, maji yakaingia kwenye nyufa yakayeyusha mwamba taratibu mpaka mapango yakatokea. Ndani giza, popo, na sakafu inateleza sehemu sehemu.

Sasa mle ndani kiongozi anamulika tochi anakuonesha maumbo, hapa mamba, pale meli, pale kochi la mfalme, na kweli ukiangalia unaona mamba, mdomo na mkia kabisa. Watoto wa shule waliokuwa mbele yetu walikuwa wanapiga kelele kila umbo. Nikamuuliza mdogo wangu, hivi huyu mamba wa jiwe ana undugu gani na mamba wa mto Pangani? Akacheka, hana kaka, ni maji yamedondoka tu yakatengeneza. Nikamwambia haya shika hapohapo usiachie, mana watu wengi wakifika kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, wanaachia. Wanaona kitu kinafanana na kitu wanasema ndugu, na mimi nilifanya hivohivo kwa babu. Kufanana kunaweza kuwa kwa sababu ya undugu, au kwa sababu maisha ya aina moja yanadai umbo la aina moja, au vyote viwili vimebaki na sura ya mababu ambayo wengine wameiacha. Huwezi kujua kwa kutazama kwa mbali, inabidi ushuke kwenye vitu vidogo, jino, kucha, bawaba ya gamba.

Karibu na mlango tukaona ukutani vipande vya magamba vimegandia kwenye mwamba, mikunjo midogo myeupe, tukakaa pale na lenzi mpaka kiongozi akatuambia jamani kuna kundi lingine linasubiri.

Usiku umeme ukakatika, tukakaa barazani, nikamsimulia mdogo wangu habari ya Halusijenia. Huyu ni kiumbe mdogo wa urefu wa sentimita chache tu, aliishi baharini miaka milioni 508 iliyopita, mawe yake yako milimani Kanada, sehemu inayoitwa Burgess Shale ambayo Charles Walcott aliifikia 1909. Mwaka 1977 Simon Conway Morris akamchora anatembea kwa miiba mirefu kama nguzo na mgongoni ana vitu laini kama mirija. Watu wakaona huyu hana ndugu duniani. Alafu 1991 wanasayansi wengine, Lars Ramsköld na Hou Xianguang, wakiwa na visukuku vya China vya jamaa zake, wakagundua alikuwa amechorwa juu chini, miiba ilikuwa mgongoni, ile mirija ndo miguu! Na hata hivo bado hawakumjua ndugu yake vizuri mpaka 2014 Martin Smith na Javier Ortega-Hernández walipoangalia kucha zake. Kucha zenyewe zimepachikana tabaka ndani ya tabaka kama vikombe vya plastiki vilivyobebana. Na yupo mnyama hai mwenye kucha za namna hiyo, mnyoo laini wenye miguu mifupi mifupi kama mahameli, wanaishi misitu yenye unyevu, wapo mpaka Afrika Kusini, wanawinda wadudu kwa kuwarushia ute unaonata. Wao na Halusijenia ukiwaweka pamoja huwezi kusema wamekula sahani moja, lakini kucha inasema.

Mdogo wangu akakaa kimya kidogo, "kwaiyo miaka kumi na nne watu walikuwa wanamtembeza kwa miiba ya mgongo?" Ndiyo. Na hawakuwa wajinga, walikuwa na jiwe lililobonyea kama karatasi na wakasoma walichoweza kusoma.

Siku ya tatu, Jumapili

Alfajiri Deep Sea na shangazi. Asiyeijua Deep Sea ya Tanga, ni pale soko la samaki mashua zinapoingia, kelele, mnada, maji ya chumvi mpaka magotini, na harufu ya pweza wa kukaanga inakufuata mpaka nyumbani. Shangazi anauza pweza na ngisi miaka mingi, mkono wake unajua pweza kuliko kitabu changu chochote.

Nimemwomba pweza mmoja kabla hajamchemsha. Akamgeuza kichwa kama soksi kwa mkupuo mmoja, matumbo nje, alafu akabonyeza katikati ya mikono minane ukatoka ule mdomo mweusi kama wa kasuku. Ndani ya mdomo kuna ulimi mgumu kama msasa, unaitwa radula, una safu za meno madogo sana. Kwa lenzi unaona safu zinang'aa kama tupa ya fundi, meno yenyewe moja moja inataka hadubini, lakini hesabu yake inajulikana. Pweza, ngisi na dome kila safu ina vipande tisa, meno saba na vibamba viwili vya pembeni. Nautilasi ana kumi na tatu.

Na amonaiti je? Ni wachache sana waliogandia na ulimi wao ndani ya jiwe, ila wapo, na wakihesabiwa, ni tisa.

Niliposoma hicho kitu mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Mana amonaiti kwa nje ni nautilasi mtupu, gamba limejikunja, vyumba, mrija wa kupitisha hewa na maji, kila kitu. Lakini jino linamtoa kule linamleta huku kwa pweza. Na si jino peke yake. Kuna gamba la utotoni, katikati kabisa ya mzunguko, mtoto wa amonaiti alitoka kwenye yai akiwa na gamba la kama milimita moja tu, ilhali mtoto wa nautilasi anatoka na gamba la zaidi ya sentimita mbili baada ya kukaa kwenye yai karibu mwaka. Pia ule mrija wa vyumba, kwa nautilasi unapita katikati, kwa amonaiti unapita ukingoni. Na zile kuta za vyumba, kwenye jiwe la babu zimeacha mistari iliyojikata kata kama jani la jimbi, za nautilasi ni mkunjo wa kawaida tu, laini.

Shangazi ananisikiliza huku anakata, akasema, "kwaiyo huyu pweza wangu ndo mjukuu wa jiwe la baba?" Hapo ndo nikaona faida ya kuongea na mtu wa Kiswahili, mana kwa udugu sisi tuna maneno ya kila tawi. Nikamwambia hapana shangazi, si mjukuu. Amonaiti hakuacha mtoto, wote walikufa. Pweza na amonaiti ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Kulikuwa na ukoo wa wenye magamba yaliyonyooka kama fimbo, zamani sana, kabla hata miti mikubwa haijawa misitu, tawi moja likajikunja likawa amonaiti, tawi jingine likaingiza gamba ndani ya mwili taratibu likatoa ngisi, dome na pweza. Nautilasi ametokea upande mwingine kabisa, waliachana nao mapema zaidi. Yule ni wa kwa babu mkuu, mnakutana kwenye misiba mikubwa tu.

"Basi mrithi ni pweza," akasema, "wa karibu ndo anarithi." Sikubisha.

Akanionesha na kitu ambacho sikutegemea. Kwenye mwili wa pweza, mle kwenye nyama ya mfuko, akapapasa akatoa vijiti viwili vyembamba kama sindano laini. Wao huvitupa tu. Nikamwambia shangazi hivyo ndo vilivyobaki vya gamba! Pweza wa aina hii amebakiza vijiti viwili, wataalamu huvikata wakahesabu mistari kujua pweza ana umri gani. Vijiti hivyo vimekaa kwenye daftari langu, vimefungwa kwenye karatasi.

Kwanini nautilasi amebaki na amonaiti hapana, hilo wauza samaki wenzake shangazi waliniuliza wote kwa pamoja. Kile kimondo kilichopiga pale Mexico miaka milioni 66 iliyopita kiliharibu sana tabaka la juu la bahari. Watoto wa amonaiti, wale wa milimita moja, walikuwa wanaelea na planktoni, vile viumbe vidogo vinavyochukuliwa na maji, hukohuko juu. Nautilasi anaishi kina kirefu, anataga mayai machache makubwa yenye chakula cha kutosha ndani. Maelezo yanayopewa uzito ni hayo, na kwa mtu wa pwani yanaingia akilini, dhoruba inavunja vilivyoko juu.

Siku ya nne, Jumatatu

Hii ndo siku yenyewe, mwezi umejaa, bamvua, maji yanakupwa mbali kabisa. Tumeondoka mapema kuelekea Kigombe kwa mjomba, njia ya Pangani, tukashuka kwanza Tongoni.

Tongoni watu wanaenda kuona makaburi ya Washirazi, yapo zaidi ya arobaini, na msikiti wa kale. Mimi niliomba ruhusa nikaenda kusimama mbele ya ukuta na lenzi. Ukuta wote ni matumbawe. Kila tofali ni mnyama, au niseme ni mtaa wa wanyama, ukiangalia kwa karibu unaona vishimo vidogo kama sega la nyuki na ndani ya kila kishimo kuta nyembamba zinakutana katikati. Matumbawe ya sasa hivi yanapanga kuta zake kwa sita, sita, kumi na mbili, na kuendelea. Matumbawe ya kale, yale ya kabla ya maangamizi makubwa ya miaka milioni 252 iliyopita, yale yanayoitwa rugosa, yaliongeza kuta zake kwa pembe nne. Walijenga miamba, walikaa maji ya joto, ukiwaona unasema hawa ndo mababu wa mwamba wetu. Si mababu. Waliisha wote, kukapita mamilioni ya miaka bila mwamba wa matumbawe wowote, alafu viumbe laini wa jamii ya anemoni, wasio na mifupa kabisa, wakaanza kujijengea chokaa upya. Hao ndo wamejenga Tongoni. Kazi ni ileile, nyumba zinafanana, ukoo mwingine.

Mdogo wangu akaweka kiganja ukutani akakiacha pale mda mrefu.

Kigombe tumefika saa nne maji yamekauka. Mjomba alikuwa ameshatoka na wachokoa pweza, tukamfuata kwenye mwamba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, vueni viatu hivyo vya mjini mtaumia, chukueni makubazi." Viti vya pweza, wale nyota wa bahari, kila mahali, wekundu, wa bluu, majongoo bahari, kaa wanakimbilia kwenye nyufa. Mjomba kijiti chake kikiingia shimoni hakitoki bure.

Alitupeleka na ngalawa mpaka ukingo wa mwamba, akatupa miwani ya kuzamia, na pale chini nikaona nilichokuwa nakitafuta, krinoidi, mnyama kama ua lenye manyoya, njano na nyeusi, ameshika jiwe kwa vikucha huku mikono yake imetandazwa kwenye mkondo. Jamaa wa kiti cha pweza huyu. Ukoo wake ulijaza bahari za kale, wengi wakiwa na shina refu limesimama kama mnazi, kuna miamba ya chokaa sehemu nyingi duniani ambayo ni vipande vya mashina yao vitupu, kama shanga. Huyu wa Kigombe hana shina, anaweza kuachia jiwe akaogelea. Ungesema si wao. Lakini akiwa mtoto, kabla hajawa mkubwa, anaota shina! Anakaa ameshikilia kwenye shina dogo kama wazee wake wa kale, alafu siku moja anakatika anaondoka. Undugu mwingine umefichwa kwenye utoto, ukija ukubwani umeshapita.

Mjomba wakati wa kurudi akaanza habari ya silikanti, lazima, hakuna mvuvi wa Kigombe asiye na habari ya silikanti, samaki aliyedhaniwa kafa tangu enzi za amonaiti mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938, na huku kwetu nyavu za kina zikawatoa kuanzia miaka ya 2000, hifadhi yao ikaanzishwa 2009. Anajivunia na ana haki. Nikamwambia tu kitu kimoja, mjomba, unajua kamongo wa Ziwa Victoria ni ndugu yetu wa karibu kuliko silikanti? Jeni zimepimwa, jibu lilitoka 2013. Akasimamisha kasia. "Kamongo huyu wa matope?" Huyohuyo. Akapiga kasia tena polepole, hakusema kitu mpaka ufukweni.

Na ufukweni ndo Mungu alinipa. Kwenye mstari wa takataka za bahari, katikati ya mwani na vifupa vyeupe vya dome, kitu cheupe kidogo kimejikunja, chepesi kama ganda la yai, ukubwa wa shilingi. Nikapiga magoti. Spirula! Ukiangalia mdomoni unaona ukuta na tundu la mrija, vyumba vimepangana kama shanga kwenye uzi. Gamba la vyumba, limejikunja, lakini mwenyewe hakuishi ndani yake, lenyewe ndo lilikuwa ndani ya mwili wake. Ni jamaa wa ngisi na dome, mnyama mdogo wa kina kirefu, akifa gamba linaelea linakuja pwani. Mjomba akasema hayo mbona yapo siku zote, watoto wanachezea. Nikatoa jiwe la babu mfukoni nikaviweka pamoja kwenye mchanga, jiwe jeusi na kigamba cheupe, na kifupa cha dome pembeni, mana hata hicho ukikivunja ndani ni vyumba vyumba, vingi sana.

Nilitamani babu angekuwepo, basi.

Siku ya tano, Jumanne

Narudi. Shangazi kanipa pweza mkavu na mkate wa kumimina. Jiwe nimeliacha kwake, ameliweka dirishani kama zamani, pale babu alipoliweka, na mdogo wangu ameandika kikaratasi cha maelezo kwa mkono wake amekigundisha chini.

Njiani nawaza kombe. Kule Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba dainosari, wale wanaoitwa mijusi wakubwa, kati ya 1909 na 1913, katikati ya matabaka ya mijusi kuna matabaka ya bahari yaliyopewa jina la kombe, Trigonia, yuko tele, gamba la pembe tatu na bawaba yenye meno ya mikwaruzo. Watu wa Ulaya waliwaona kwenye mawe tu wakajua wameisha, mpaka 1802 François Péron akapata gamba bichi la jamaa yao kwenye maji ya Tasmania. Leo wamebaki Australia peke yake. Watanzania tunahesabu basi, kombe wetu ndugu zake wako Australia, mbali huko. Lakini tawi la karibu yao kuliko kombe wengine wa bahari, na DNA inakubali, ni kome wa maji baridi. Wale wa mitoni na ziwani! Nilisoma ualimu Mwanza, nilikuwa nakanyaga magamba yao kila jioni ufukweni nikienda kuoga, sikuwahi kuinama kuokota hata moja.

Tumepita Muheza, gari inaenda vizuri leo. Wiki ijayo nashuka mto Pangani pale nyuma ya Korogwe na form three, na ndoo na lenzi, nikipata kome hata mmoja tunamfungua tunaangalia bawaba.